Lori Lililokwenda Vitani Kinyumenyume

Tangu nirudi, kila anayepita dukani kwangu ananiuliza: "Petro, kule Morogoro ulipigana na nani?" Wananiuliza kwa sababu niliondoka hapa Singida nikiwa mzima, nikarudi sauti imekauka kwa kugomba na uso umenuna. Nimechoka kulisimulia jambo hili vipande vipande, huyu nampa kichwa, yule nampa mkia. Basi kaeni niwape lote. Ya kutafuta tiketi na kufunga mizigo nayaacha.

Singida hadi Dodoma

Aliyeniwasha moto alikuwa mnunuzi wa vitunguu. Mnamjua, yule Mluguru mwembamba aliyekuja na lori baada ya mambo kuwa ruksa. Zamani kupitisha hata gunia moja la mahindi kizuizini ilikuwa kesi, lakini sasa wanakuja watu kutoka kila pembe, na sisi tunawauzia soda na kuwasikiliza. Siku hiyo alikaa kwenye benchi langu, tukawa tunapiga soga. Nikamwambia kwamba vita vya Uganda nilipigana na mtu wa kwao, dereva, Shabani mtoto wa Bi Tatu, kutoka juu ya Kinole.

Akacheka. Akasema, "Yule aliyepigwa risasi ya mgongo akikimbia?"

Niliishika chupa ya soda nikaona itapasuka mkononi. Nikamwuliza nani kasema hivyo.

"Kwetu nani hajui? Gari lake lilikutwa limegeukia nyumbani, yeye kalala kwenye usukani, risasi imeingia mgongoni. Tena lilikuwa gari la mzinga wa kutungulia ndege. Ndege hazikuwepo. Sasa mtu wa ndege anakufaje mbele, kama si kukimbia? Wenzake waliokufa vitani wote wamerithiwa majina kwenye koo zao. La kwake hakuna anayelitaka."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema kama mtu anayetaja bei ya vitunguu.

Wiki ile ile nikapanda basi. Lilikuwa moja ya yale mabasi mapya ambayo si mapya, yaliyotoka ng'ambo na maandishi ya kwao bado ubavuni. Redio ilipigwa juu mpaka Manyoni. Pale tulishuka kula kuku, mwenzangu wa kiti cha jirani akanikaribisha paja. Nikamjibu kwa ukali kwamba sina njaa. Akaomba radhi, maskini, hajui kakosa nini. Mpaka Dodoma hakuniongelesha tena.

Dodoma hadi Dumila

Basi la pili lilianza kutoa mvuke baada ya Gairo. Kondakta akasema ni rejeta, kitu kidogo tu. Kitu kidogo kikatufikisha Dumila kwa kujikongoja, tukaambiwa tushuke, fundi ameitwa. Fundi mwenyewe alikuwa anatoka Kilosa. Watu wakatawanyika kwenye vibanda vya barabarani, wengine wakaanza kununua nyanya na mchele kana kwamba ndicho kilichowaleta.

Nilikaa kwa mama lishe mmoja, Mama Neema, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu toka ng'ambo ya barabara. Alinipa wali na maharage na samaki mmoja mkavu. Aliponiuliza natoka wapi na naenda kufanya nini, nikamjibu kwa kifupi, "Natoka Singida. Naenda kwa mama wa rafiki yangu. Tulikuwa wote kwenye mzinga."

"Aaa! Basi unauzaje asali?"

"Asali gani?"

"Si umesema mzinga? Watu wa Singida na asali, nani asiyewajua! Niuzie kidogo, mwanangu ana kikohozi."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nyumbani. Nikamweleza kwamba mzinga wangu haukuwa wa nyuki. Naye, kwa kuwa basi halikuwa na dalili ya kuondoka, akavuta kigoda akasema, "Haya, nieleze." Nilivyomweleza yeye ndivyo ninavyowaeleza ninyi.

Tulikuwa na lori. Nyuma kwenye bodi pamefungwa mzinga wa mitutu miwili, wenye kiti cha mlengaji, na mlengaji ndiye mimi. Kazi yake ni kutazama mbinguni. Chuma cha kumkinga mtu hakuna, maana anayepigana na ndege hategemei kupigwa risasi na mtu aliyelala kwenye majani. Siku za mwanzo tulilenga ndege kweli. Halafu ndege zikaacha kuja.

Siku moja askari wetu wa miguu walibanwa na bunduki kubwa iliyokuwa kwenye mgongo wa kilima. Hawawezi kwenda mbele, hawawezi kurudi. Kapteni akaja mbio kwetu akauliza, "Hiyo mitutu inashuka?" Inashuka. Lakini ikishuka, mbele yake kuna kichwa cha lori. Ukipiga kuelekea mbele unamfumua dereva wako mwenyewe.

Shabani ndiye aliyetoa jibu. Alisema, "Basi tutawaendea kinyumenyume."

Akageuza lori, pua ikatazama nyumbani, mgongo ukamtazama adui. Akalirudisha nyuma kuelekea kwenye risasi, akiangalia njia kwa kioo cha pembeni. Mimi nimeketi juu nikitazama kilima, yeye kanipa kisogo, mimi nimempa kisogo. Alipofika mahali pazuri akavuta breki ya mkono ili mzinga usitikisike, akagonga bati la kichwa cha gari kwa ngumi. Hiyo ilikuwa ishara ya kupiga. Nilipiga. Kilima kile kilinyamaza, na askari wetu wakainuka wakapita.

Toka siku hiyo hatukupumzika. Kila palipokuwa na kilima kigumu, utasikia, "Leteni lile gari la ndege!" Lori la bati, refu kama nyumba, likapelekwa mahali pa kifaru. Waliosaidiwa walitushangilia, na mimi siwalaumu, mtu aliyebanwa hushika hata mwiba. Ila nilikuwa najua, na Shabani alikuwa anajua, kwamba mgongo wake umefunikwa na kioo kitupu.

Siku ya mwisho alirudisha lori kama kawaida. Alivuta breki. Aligonga bati. Risasi za upande wa pili zikapita chini ya kiti changu, zikatoboa kioo cha nyuma. Mimi nilijeruhiwa paja. Nilipiga mpaka mkanda wa risasi ukaisha, nikimwita, haitiki. Wakanishusha wakanipeleka hospitali, na kundi letu likasonga mbele.

Mama Neema aliuweka mwiko chini. Kisha akasema, "Kwa hiyo alipigwa mgongoni kwa sababu alikuwa anakwenda."

"Ndiyo."

"Na kwao hawajui?"

"Wanajua kwamba alikufa. Habari hiyo iliwafika. Iliyowafika baadaye ndiyo iliyooza."

Aliniongezea wali bila kuulizwa. Jua lilikuwa linaelekea kutua basi lilipopiga honi.

Morogoro mjini

Nilipata chumba kwenye nyumba ya wageni karibu na soko. Asubuhi nikaanza kuuliza gari la Kinole. Wa kwanza akanielekeza Kihonda, nikaenda, nikajikuta mbele ya lango la kiwanda kilichofungwa. Wanaume watatu walikuwa wamekaa kwenye matofali pale nje. Wakanisalimia kwa furaha kubwa mno, wakaninyanyukia, mmoja akanifutia vumbi kwenye tofali nikae. Kumbe walidhani mimi ni mtu wa mwekezaji, nimekuja kuandikisha vibarua. Nilipowaambia natafuta gari la Kinole, furaha ikawatoka usoni. Hata hivyo mmoja akanisindikiza hadi barabarani.

"Umepotezwa, kaka. Nenda Bigwa. Kule juu gari ni moja tu, Landrova ya Afande Maulidi. Ukimkosa huyo, miguu yako."

Nilimshukuru. Jina hilo halikuniambia kitu.

Kupanda milima

Landrova ilikuwa ya wazi nyuma, ya kubebea ndizi. Ilikuwa inashuka na ndizi na kupanda na watu, sabuni na mafuta ya taa. Afande Maulidi mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, tumbo limetangulia, koti la jeshi lililofifia begani. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, na kwa kuwa nilikuwa mgeni, akaniweka mbele kando yake, heshima kubwa. Nyuma walipanda akina mama na vikapu vyao.

Tulipita Kiroka, tukaanza kupinda. Milima ile ndugu zangu si ya kusimuliwa. Migomba imepandwa mahali ambapo hapa kwetu hata mbuzi asingesimama, na kila kona kuna maji yanateremka. Mahali fulani gari liliteleza, tukashuka sote tukalisukuma, matope mpaka magotini. Tulipopanda tena moyo wa mwenye gari ulikuwa mkunjufu, akaanza kusimulia vita.

"Wewe kwenu wapi? Singida? Nyie mlikuwa wapi wakati sisi tunapigana Uganda?"

Nikanyamaza. Nilitaka kusikia.

"Mimi nilikuwa stoo," akasema. "Napeleka chakula mstari wa mbele. Nimeona mambo, bwana. Nimeona hata aibu ya mtu wa kijiji changu mwenyewe, kijana mmoja dereva. Kapewa gari la mzinga wa ndege, kazi yake kukaa nyuma huko alinde anga. Nafika na mchele, nakuta gari pua imeelekea nyumbani, jamaa kafa, tundu mgongoni. Nikasema, Shabani, ulikuwa unakwenda wapi?" Akacheka akapiga usukani. "Nilipokuja likizo mama yake akaniuliza kafaje. Mimi siwezi kusema uongo."

Damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia asimamishe gari.

"Unataka kuchimba dawa?"

"Simamisha gari! Mlengaji wa mzinga ule ni mimi."

Alisimamisha. Nikamwambia mengi, na mengine siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Nilimwambia kwamba alimwona maiti na bati, hakuona vita. Nikamweleza sababu ya gari kugeuzwa. Hakutaka. Alisema mzinga wa ndege ni wa ndege, jina lake linajieleza, na kwamba kila mkimbizi ana rafiki wa kumtetea. Nikashuka. Akaondoa gari, akaniachia moshi wa dizeli.

Mwanamke mmoja aligonga bati kwa kiganja, gari likasimama tena, akashuka na kikapu chake. Alikuwa mtu mzima, jina lake Mwanaidi. Akaniambia, "Twende kwa miguu, kaka. Shabani ni mtoto wa dada yake mama yangu. Njiani nieleze vizuri."

Kwa Bi Tatu

Tulifika tumelowa. Watoto walikimbia mbele yetu wakipiga kelele kwamba amekuja mtu wa chama. Mzee mmoja akatoka akauliza kabla hata sijavuta pumzi, "Chama gani? Maana wiki iliyopita wamekuja wa vyama viwili na hatujaona hata bati la shule." Huyo ndiye alikuwa Mjomba Ramadhani, kaka yake Bi Tatu na mkubwa wa ukoo. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo neno la jina la Shabani lilikuwa mikononi mwa mjomba, si mwingine. Mwanaidi akamjibu kwa Kiluguru, maneno machache. Mzee akabadilika uso.

Bi Tatu alikuwa jikoni. Ni mama mdogo wa umbo, kapinda mgongo kidogo. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama miguu yenye matope, akaniletea maji ya kunawa kabla ya swali lolote. Kisha akaniletea shelisheli la kuchemsha na chai ya mdalasini. Nilikula, yeye kanikalia mbele. Nilipomaliza nikamwambia mimi ni nani.

Nilimweleza kama nilivyowaeleza. Sikupunguza, sikuongeza. Nilipofika kwenye ngumi iliyogonga bati, aliinua mkono kunisimamisha.

"Aligonga? Siku ile ya mwisho pia?"

"Aligonga, mama. Ndipo nikapiga."

Akainama kukusanya vyombo. Nilidhani atalia, au atashukuru Mungu. Aliponyanyua uso ulikuwa umejaa hasira kuliko wangu.

"Mimi sikumsomea hitima mwanangu," akasema. "Unanisikia? Nilimkasirikia. Kila mwezi wa Ramadhani watu wanawaombea maiti wao, mimi namruka. Nasema, huyu kanivua nguo mbele za watu. Na yule Maulidi nimekuwa nikimpa ndizi zangu abebe, namwita mwanangu!"

Nilikuwa nimekuja kumpa habari njema, na niliona wazi kwamba inamchoma kama makaa.

Jioni Mjomba Ramadhani aliita wakubwa wa ukoo. Walinisikiliza kwa adabu. Mwisho mzee akasema, "Mgeni, maneno yako ni mazuri. Lakini na Maulidi naye alisema kwa maneno. Mmoja alikuwepo, mwingine alikuwepo. Sisi tuliokuwa tunalima migomba tutamjuaje mkweli?"

Nilikasirika, nakiri. Lakini nililala nikijua kwamba mzee ana haki ya kuuliza.

Siku ya gulio

Kesho yake ilikuwa gulio. Watu walijaa kwenye uwanja wa chini ya msikiti, mikungu ya ndizi imepangwa, pilipili manga kwenye mikeka, nguo za mitumba zimetundikwa kwenye kamba. Na katikati ya uwanja, Landrova ya Maulidi ikisubiri kupakia. Nilipoiona tu nikajua la kufanya.

Niliazima mchi kwa mwanamke aliyekuwa anauza kinu. Nikapanda nyuma ya Landrova.

"Shuka kwenye gari langu!" Maulidi akaja anakimbia.

"Nitashuka. Kwanza kaa kwenye usukani, afande, kama unavyokaa kila siku."

Alikataa, akanishika suruali. Mjomba Ramadhani alikuwa amesogea, na watu nyuma yake. Akasema taratibu, "Maulidi, kaa. Gari haliliwi."

Akakaa. Nikasimama nyuma yake, nikauweka mchi begani, nikauelekeza juu. "Huu ndio mzinga," nikasema. "Ndege ile pale. Napiga. Kuna shida?" Watu wakasema hakuna. "Sasa ndege hakuna. Adui yuko pale mbele, kwenye ule mgomba." Nikaushusha mchi kuelekea mbele. Ncha yake ikagota kichwa cha gari, sawasawa na kisogo cha Maulidi nyuma ya kioo. "Nipige?"

Kicheko kikapasuka uwanja mzima. Maulidi akainamisha kichwa haraka kama mchi una risasi.

"Basi nifanye nini ili nimpige yule adui?"

Walianza kubishana wenyewe. Mmoja akasema mzinga uhamishwe. Mwingine akasema dereva ashuke. Bi Tatu ndiye aliyejibu, na sikujua hata kama amekuja. Alikuwa amesimama kando ya mikungu ya ndizi, kanga kichwani.

"Geuzeni gari," akasema. "Mgongo uende kwa adui."

Hakuna aliyecheka tena. Nikageukia nyuma na mchi wangu, nikawaonyesha: mimi natazama huku, dereva anatazama kule. Nikawaonyesha risasi inakotoka na inakoingia. Nikaupitisha mchi chini ya kwapa langu, nikagusa kioo taratibu.

Mjomba Ramadhani alikwenda dirishani kwa Maulidi. "Risasi zilipokuwa zinapigwa, wewe ulikuwepo?"

"Nilifika baadaye. Na chakula."

"Uliona nini?"

"Gari limeelekea huku kwetu. Na Shabani, tundu mgongoni. Sijasema uongo, mzee, niliona kwa macho yangu."

"Uliona gari," mzee akasema. "Mengine uliyajaza mwenyewe. Na sisi tukayala."

Nilipoteremka tu, Maulidi aliwasha injini akaondoka bila ndizi hata mkungu mmoja. Nilirudisha mchi kwa mwenyewe.

Kabla ya kushuka

Walinizuia nisiondoke. Hitima ilisomwa Ijumaa nyumbani kwa Bi Tatu. Mimi Mkristo nilikaa nje kwenye mkeka pamoja na wazee, wakanipa pilau ya viungo vya pale pale milimani. Mtoto wa binti wa Mwanaidi, bado wa kubebwa mgongoni, aliletwa mbele ya ukoo, Mjomba Ramadhani akamwita Shabani kwa sauti ya kusikika hadi bondeni. Mtoto alilia. Bi Tatu alimpokea, akamkumbatia, hakumrudisha kwa mama yake mpaka watu walipoanza kutawanyika.

Mnaniuliza kama hasira imeniisha. Haijaniisha. Mtu alikaa na fedheha isiyo yake miaka yote hiyo kaburini, na mama akanyimwa hata kumlilia, kwa sababu mwenye stoo alipita na mchele akatupa jicho. Maulidi hakusema samahani. Kwangu sawa, mimi ni mpita njia. Lakini hata kwa mama hakusema.

Alichofanya ni hiki. Tulipokuwa tunakula ile pilau, Landrova ilisimama chini ya kilima, kijana wa kazi wa Maulidi akapanda amebeba gunia begani, linamlemea. Akalitua mlangoni, akasema Afande Maulidi ametuma mchele kwa ajili ya hitima, na anawasalimu wote.

Watu wakamtazama Bi Tatu. Yeye alikuwa amempakata mtoto, hata hakunyanyuka.

"Lirudishe," akamwambia. "Mchele tunao. Mwambie alete mdomo."